Jirani yangu, beki tatu

Jioni ya Jumapili, tarehe 1 Machi 2020, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja Mbagala Kizuiani, nimebanwa katikati ya muuza mihogo na kijana aliyevaa jezi ya Aston Villa ya Kariakoo, mgongoni imeandikwa SAMATA, t moja imesahauliwa dukani. Fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza, Wembley, Villa na Manchester City. Tulikuwa tumeshapigwa mbili. Nasema tulikuwa, maana mle ndani wote tulikuwa Villa, hata wale ambao miezi miwili nyuma hawakujua Villa inavaa rangi gani. Dakika ya 41 Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, akaiwahi krosi kwa kichwa, nyavu zikatikisika, na benchi letu likakatika katikati. Mwenye kibanda alisubiri mapumziko ndipo akaanza kuulizia nani atalilipa.

Villa walifungwa 2-1. Lakini tangu jioni ile, kila mwanamume wa Mbagala wa rika langu amecheza na Samatta. Muulize bodaboda yeyote pale Rangi Tatu. Huyu alikuwa anampa pasi, yule alikuwa anamkaba, wa tatu alimwazima viatu na mpaka leo havijarudi. Ukiwajumlisha, timu ile inajaza Uwanja wa Uhuru na wengine wanabaki nje.

Mimi sikucheza naye. Hata daladala moja hatujawahi kupanda. Niliyecheza naye ni mtu mwingine.

Njia ya Mbwana mnaijua. African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 akawafunga bao TP Mazembe wa Kongo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na jezi ya Simba, na Mazembe wakaona heri wamnunue kuliko kukutana naye tena. Mwaka 2015 akabeba nao ubingwa wa Afrika, mabao 7 kwa jina lake. Januari 2016 akapewa tuzo Abuja ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akatua Genk, Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 mabao 23 ya ligi na ubingwa juu yake. Januari 2020 Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Ukiichora hiyo inatoka ngazi iliyonyooka, ndiyo maana inasimulika vizuri kijiweni. Ya mtu wangu imepinda, na kijiweni hakuna anayeiomba.

Nitamwita Jirani, kwa sababu mwenyewe hapendi kuandikwa, na kwa sababu ndicho alichokuwa: nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta wa choo. Huo ukuta uwekeni akilini.

Uwanja wetu wa chandimu, mpira wa watoto wa mtaani, ulikuwa kichochoro kipana, kuanzia kwenye mkorosho wa mzee mwenye genge hadi kwenye bomba lisilotoa maji. Mchanga wa Mbagala, ule mlaini unaomeza mguu mpaka kifundoni. Magoli ni mawe mawili mawili, hatua tatu, kipa hakuna. Kona tatu penati. Ukipaisha mpira ukaingia kwa kina Jirani unaufuata mwenyewe, na kama mama yake yuko jikoni kwenye vitumbua na mafuta yako motoni, mchezo umeisha mpaka kesho.

Mpira tulitengeneza wenyewe. Ndani soksi kuukuu, unashindilia vipande vya sponji ya godoro, unavisha mifuko ya rambo mmoja juu ya mwingine, halafu unafunga kwa kamba ya katani, unazungusha na kukaza mpaka kidole kinaingia mfereji. Kazi ya kufunga ilikuwa ya Jirani. Mpira uliofungwa na mvivu unadunda kwenda unakotaka wenyewe. Wa kwake ulikuwa na uzito, unakaa chini, na kuutuliza ilibidi uukanyage kwa unyayo kwa adabu. (Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, watu walizungumza habari za mitaro na samaki. Mimi nilijiuliza kwanza watoto watafungia mipira nini.)

Upande wa kushoto hapakuwa na mstari. Palikuwa na ukuta wa choo chetu. Wengine waliuogopa kwa sababu unachuna bega. Jirani aliufanya mchezaji mwenzake: anaupigia mpira kwa pembe, anampita mtu upande wa pili, anaupokea mbele. Siku moja baba alitoka na taulo kiunoni kumfokea kwamba plasta inadondoka. Jirani akasimama vizuri kabisa, mikono nyuma. "Shikamoo baba. Samahani baba." Baba akarudi ndani. Hata mlango haujafungwa tukasikia tena: pa.

Ila watu hawakuja kutazama ukuta. Walikuja kwa ajili ya tobo, kumpitishia mtu mpira katikati ya miguu. Kwenye chandimu goli ni goli tu, linasahaulika kabla ya magharibi, lakini mtu akipigwa tobo ni aibu ya wiki nzima, anafuatwa nayo mpaka kisimani. Na kwa tobo na kanzu, yaani kumvusha mtu mpira juu ya kichwa, Jirani alikuwa hana mpinzani kuanzia Kizuiani mpaka Zakhem. Wazee waliweka soda kwamba leo atampiga fulani, na fulani akijua amewekewa soda alicheza amebana miguu kama anatafuta choo.

Kisha mwaka 2006 kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikaligonga jiwe la goli, kucha ikang'oka yote. Ikaota. Ikang'oka tena. Tulicheza peku, na ndani ya mchanga ule kulikuwa na kila kitu: vizibo vya soda, misumari, vipande vya vigae. Miezi minne hakugusa mpira kwa kulia. Angeweza kukaa chini ya mkorosho akatazama, kama nilivyokuwa nafanya mimi kwa malaria ya siku tatu. Yeye akaendelea kwa kushoto, mwanzoni akituchekesha, mpira unaenda kwake kama unaenda kwa mgeni. Baadaye tukasahau kabisa mguu upi ulikuwa wa kwanza.

Tulipofika sekondari tukaingia ndondo, mashindano ya mtaa kwa mtaa. Watu wengi siku hizi wakisikia ndondo wanafikiria Ndondo Cup, ile iliyoanza 2014, inayotangazwa redioni na wachezaji wakubwa wanashuka kuchezea mitaa yao. Kabla ya hapo ndondo ilikuwa mbuzi. Mbuzi mwenyewe, amefungwa kwenye mti, anawatazama mnavyomgombania. Mdundiko unalia upande mmoja, vumbi upande wa pili, na mwamuzi anayejua kabisa nyumba yake iko mtaa gani na anatakiwa arudi kwa miguu.

Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na kamati hiyo haikushughulika na mbinu za uwanjani, ilishughulika na ndumba. Nimewahi kuruka ukuta wa shule ya msingi nikiwa nimeshavaa jezi kwa sababu mzee mmoja alisema getini wenzetu wamefukia kitu. Nikachanika kaptula. Upande wa pili niliwakuta watoto wanapita geti lilelile na ndoo zao za maji, hakuna aliyedhurika. Tulifungwa tatu.

Jirani alipendwa ndondo kuliko nilivyowahi kuona mtu akipendwa. Akipiga kanzu, akina mama wanaingia uwanjani na kanga zao kumtunza noti, mwamuzi anasubiri. Timu ya Tandika ikimtaka Jumamosi kama mamluki inamtumia nauli, na jioni chips mayai. Siku nzuri alirudi na hela kuliko nilizopata mimi kwa wiki nzima ya kubeba tofali. Wengi huishia hapo, na siwalaumu. Ndondo inalipa papo hapo na inakuita kwa jina. Namkumbuka mmoja wa Mtoni, mguu wake ulikuwa mara mbili ya wa Jirani, nasema kwa kiapo. Alikaa humo mpaka magoti yakakataa, sasa ana bajaji na bado akipita watoto wanamwita jina lake la uwanjani. Pengine ndiye aliyechagua vizuri. Kuna siku nafikiri hivyo.

Mama yake Jirani ndiye aliyemwambia aende kwenye majaribio. Hakujua mpira, alijua hesabu: hela za kutunzwa zinakuja Jumamosi, njaa inakuja kila siku.

Alienda mara tatu, mwaka 2012, kwenye klabu moja ya daraja la chini iliyokuwa inafanya mazoezi upande wa Temeke. Mara ya kwanza alichelewa, kwa sababu konda wa Mbagala anamjua mwenye nauli pungufu akiwa bado mita hamsini. Mara ya pili aliwekwa namba kumi, akapiga tobo mbili safi, vijana waliokaa pembeni wakaruka na kushikana vichwa. Mwalimu alikuwa na daftari mkononi. Hakuandika kitu.

Mara ya tatu nilimsindikiza. Amevaa njumu za mtumba alizonunua Karume, zimemzidi saizi moja, mbele amejaza vipande vya kanga ya mama yake. Vijana wako kama mia mbili, kila mmoja na karatasi ya namba kifuani, dakika ishirini ishirini. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, kofia ya kampeni imepauka, filimbi haipulizi, anaitafuna. Kijana aliyekuwa anacheza namba tatu akakaa chini ghafla, amebanwa na msuli. Sote tulijua hajala tangu jana, na hakuwa peke yake.

"Nani anatumia kushoto?" mwalimu akauliza.

Jirani akanyoosha mkono. "Ila mwalimu, mimi ni namba kumi."

"Sikukuuliza namba. Nimekuuliza mguu."

Alicheza dakika zake zote bila kupiga chenga hata moja. Nilidhani amepata akili. Kwenye daladala akaniambia ni viatu: vilikuwa vinacheza mguuni, aliogopa akigeuka kimoja kitachomoka mbele za watu. Kwa hiyo kila mpira uliomfikia alimpasia winga wake, akakimbia, akaupokea mbele, yaani kama alivyokuwa anafanya na choo chetu. Kwenye ile mara ya tatu au ya nne niliona mwalimu ameitoa filimbi mdomoni.

Akachukuliwa. Tatizo likawa kuuambia mtaa kachukuliwa kama nani.

Mtu wa Dar sina haja ya kumweleza. Beki tatu mjini ni dada wa kazi. Habari zilipofika kijiweni kwamba mchawi wetu wa tobo amesajiliwa beki wa kushoto, watu walicheka mpaka wakajishika kwenye nguzo. "Wamemfanya beki tatu!" "Sasa atakuwa anamwoshea winga vyombo." Mjomba wake mwenyewe akamtuma dukani akanunue sabuni ya unga. Mama yake aliniita pembeni, mikono ina unga wa mchele, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huko nyuma si ndiko wanakowekwa wasiojua?"

Nilimwambia hapana, mama. Lakini moyoni sikuwa na hakika.

Miaka miwili iliyofuata alikaa benchi kwenye Ligi Daraja la Kwanza, hii ambayo sasa inaitwa Championship. Alikuwa anatuambia yuko fiti, anasubiri nafasi. Ukweli alikuja kuniambia baadaye: kila kitu alichopendewa Mbagala kule kilikuwa kosa. Kukaa na mpira, kosa. Kumsubiri mtu aje ili umdhalilishe, kosa kubwa zaidi, kwa sababu wakati unamsubiri wenzake wanne wamesharudi. Hata kulala alikuwa hajui. Ndondo unalala saa nane na mechi unacheza kwa chai ya rangi. Mwalimu aliwafunga mabeki wanne kamba moja viunoni, mita kadhaa kati ya mtu na mtu, akawaambia watembee: mmoja akisogea kushoto wote wanasogea, ukizubaa kamba inakukata tumbo. Jirani alinionyesha alama mbavuni. "Mwana," akasema, "mimi niliyekuwa nafunga mipira kwa katani, nimefungwa mimi."

Kutoka kwetu hadi Chamazi ni safari fupi ya daladala. Siku hizi huko kuna uwanja wa Azam na akademi yao, na mtoto anayepita pale anaambiwa nafasi yake mapema, anafundishwa kusimama kabla hajafundishwa kusifiwa. Novatus Dismas alitokea Azam akaenda Israeli, kisha Ubelgiji, Ukraine, Uturuki. Nikiwatazama vijana wa namna hiyo wanavyopokea mpira wakiwa wameshageuza mwili, namkumbuka Jirani alivyojifunza jambo hilo akiwa na miaka ishirini na moja, kwa aibu.

Alipohama kwenda klabu ya mkoani, mwenyekiti wa timu yetu ya mtaa alisafiri kwenda kudai haki ya malezi. Akarudi na mipira miwili. Tulimcheka, ila alikuwa na hoja. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi anaotimiza 23, kila mwaka na fungu lake. Nimezisoma nikitafuta mahali panapoandikwa mkorosho. Klabu iwe imesajiliwa, mchezaji awe na kumbukumbu zake. Sisi orodha ya wachezaji ilikuwa kichwani mwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa anasahau. Kwa mujibu wa makaratasi, Jirani wa miaka 12, 13, 14, yule aliyepoteza kucha mara mbili, hakuwepo mahali popote duniani.

Msimu wa 2018/19 klabu yake ya mkoani ikawa Ligi Kuu, na yeye ndani ya kikosi cha kwanza. Timu 20 msimu ule, mechi 38, ligi haina mdhamini mkuu. Nchi nzima kwa basi. Dar hadi Mwanza tu ni zaidi ya kilomita 1,100, na huko mwisho kuna beki wa kushoto anatakiwa kushuka, kunyoosha miguu na kumkaba mtu aliyekuja kwa ndege. Mkataba alikuwa amesaini bila kuusoma, nusu ya hela ya usajili akaambiwa itafuata, haikufuata. Kuna kipindi mshahara ulikatika miezi mitatu. Mama yake akawa anamtumia kwa simu hela ya vitumbua, mchezaji wa Ligi Kuu anayeonekana Azam TV, na hapohapo vijana wa mtaani wanampiga mizinga kila akionekana: "Oya mwana, tumekuona jana, usitutupe." Alikuwa anawatumia. Hela ileile ya vitumbua ilirudi Kizuiani kwa njia nyingine, imekatwa makato mara mbili.

Sasa ana miaka thelathini na ushei, anasaini mwaka mmoja mmoja, na anausoma mkataba kuanzia mwisho kwenda mwanzo, maana anasema mambo mabaya huwekwa nyuma kama yeye.

Lakini nataka kusimulia mechi moja. Mwanzoni mwa 2019 walikuja Dar kucheza na mmoja wa wale wakubwa wawili wa Kariakoo, Simba na Yanga, pale Uwanja wa Taifa; jina la Benjamin Mkapa lilikuwa bado halijawekwa. Tukakodi Coaster kutoka Rangi Tatu. Muuza mihogo alikuwepo, mjomba wa sabuni alikuwepo, na mama yake Jirani, ambaye hajawahi kuingia uwanjani maisha yake yote, alikaa kiti cha mbele na deli la vitumbua mapajani kwa sababu alisikia mle ndani chakula ni ghali. Mlangoni wakataka kumzuia. Akawapa viwili.

Tulikaa upande ambao kipindi cha pili beki wa kushoto anacheza mbele yetu. Walikuwa wameshafungwa. Jirani hakuwa amefanya lolote la kusimulia: anasimama, anasogea, anapiga kichwa nje, anarusha mpira. Ukimtazama unaona ile kamba kiunoni bado ipo. Mjomba alianza kupiga miayo.

Kama dakika ya sabini na kitu mpira ukamkuta pembeni kabisa, pale chini yetu, na winga wao akamjia mbio. Kasi yote, mwili wote, miguu imepanuka. Kwetu pale hakuna asiyejua maana ya miguu iliyopanuka. Coaster nzima tukasimama. "Tobo!" mtu akapiga kelele. "Mpige tobo huyo!" Jirani akauweka unyayo juu ya mpira. Ule unyayo ninaujua. Niliona bega lake linashuka kidogo, kama zamani kwenye mkorosho, sekunde moja kabla mtu hajaaibika.

Akageuka, akaurudisha kwa kipa.

Tukakaa wote kwa pamoja, kama tairi limetolewa upepo. "Beki tatu kweli," akasema muuza mihogo. Mama yake alikuwa bado amesimama, amelishika deli kwa mikono miwili.

"Mbona mmenyamaza?" akaniuliza. "Kakosea?"

Nilitazama uwanjani. Kipa alikuwa ameshaubadilisha mpira upande wa pili, watu wao wanapanda, winga yule anarudi anatembea, mikono kiunoni.

"Hapana mama. Kapatia."

"Sasa si upige makofi."

Nikapiga.